Usimwulize Kabla Hajala

Nusu ya maumivu ya mgongo wangu aliyaleta Katekista wetu. Nusu nyingine ni ya jembe, na jembe silinung'unikii, maana tumezoeana tangu utotoni. Lakini Katekista! Zaidi ya miaka ishirini nimesonga ugali wa watu nisiowajua kwa sababu yake, nimefua mashuka waliyolalia, nimewachemshia maji ya kuoga huku wanangu mwenyewe wakioga ya baridi. Sasa hayupo, tulimzika kabla ya masika, na watu wa kigango wananijia wakisema, mama, wewe ndiye ulikuwa jirani yake, tusimulie habari zake. Nisimulie nini? Nimechoka. Ila nikinyamaza mtamwimbia kama malaika, na malaika hakuwa hata kidogo.

Nyumba yake ilikuwa ya mwisho upande wa juu, pale njia ya miguu inapotoka kwenye msitu wa Ngorongoro na kuingia mashambani kwetu. Anayeshuka kwa miguu, mlango wa kwanza anaouona ni wa Katekista. Wa pili ni wangu. Wamasai wanaopeleka ng'ombe wawili watatu mnadani Karatu, akina mama wa huko juu wanaofuata mahindi na punda wao, vibarua wanaotafuta kazi kwenye mashamba ya kahawa ya Oldeani, wote walipita hapo. Hata mzungu mmoja wa baiskeli alitokea siku ya mvua, ametapakaa tope mpaka kwenye nyusi, na mpaka leo hatujui alikosea njia wapi.

Katekista akimwona mtu njiani alisimama. Hakumngoja afike akiwa amekaa. Alichukua jagi lake la plastiki la njano na beseni, akamnawisha mgeni mikono yeye mwenyewe, akamkalisha kwenye benchi la nje, kisha akaja kwenye ua wangu.

"Mwenyekiti! Tuna baraka."

Mimi nilikuwa mwenyekiti wa jumuiya yetu ndogondogo, na hakuniita kwa jina lingine maisha yake yote. Hilo "tuna" lilinikera kuliko kitu chochote.

"Tunao wangapi leo?"

"Watatu."

"Na unga tunao?"

"Wako upo, Mwenyekiti. Nimeuona jana ukitoka mashineni."

Basi nafanyaje? Mke wake alifariki mapema, akamwachia binti mmoja mdogo, na kupika yeye hakujifunza. Ugali wake ulikuwa uji uliokata tamaa. Kwa hiyo yeye akawa anakaribisha na mimi nikawa napika, na kwenye kigango watu wakasema, jamani, Katekista wetu ana moyo wa ukarimu. Nilikuwa nasikia hivyo huku mikono yangu inanuka moshi.

Alikuwa na kanuni moja, na alitufundisha sote, watu wazima na watoto wa kipaimara: usimwulize mtu kabla hajala. Usimwulize jina, wala kabila, wala anatoka wapi, wala anasali wapi. Mpe maji, mpe chakula, mwache amalize, halafu uliza. Nilimwambia siku moja kwamba hii ni hatari, tutamlisha muuaji. Akanijibu kwamba wale wanafunzi wawili walitembea na Bwana njia nzima, wanazungumza naye, wasimjue, wakaja kumjua mezani. "Walimjua kwenye mkate, Mwenyekiti. Kwenye maswali hawakumjua." Nikarudi jikoni.

Kanuni hiyo ilituaibisha siku moja mpaka parokiani. Padre mpya alikuwa anakuja kigangoni kwetu kwa mara ya kwanza, watoto wanapokea komunyo. Watu wamejaa, watoto wamevaa nyeupe, Katekista amesimama barabarani tangu saa mbili asubuhi anamngoja. Mimi nilibaki nyumbani kusimamia chakula cha sherehe. Mara akatokea kijana kwa njia ya nyuma, suruali imelowa tope, pikipiki yake imezimika huko bondeni.

"Tumsifu Yesu Kristo, mama."

"Milele amina. Karibu, mwanangu, pumzika."

Nikamnawisha, nikamkalisha. Alifungua mdomo mara mbili aseme jambo, nikamkatiza mara mbili. "Kula kwanza. Hapa kwetu hatuulizi mtu." Wali ulikuwa bado haujaiva, na kwa kuwa alikuwa amekaa tu, nikampa vitunguu amenye. Akamenya vizuri, tena kwa adabu. Ilikuwa imekaribia saa sita alipomaliza nyama, ndipo nikamwambia, haya baba, sasa tuambie, unatoka wapi na unakwenda wapi. Akafuta mdomo.

"Mimi ndiye padre wenu, mama. Naomba unionyeshe kanisa liko wapi."

Nilitamani ardhi inimeze! Na kwa kuwa alikuwa ameshakula, ikabidi watu wangoje saa nyingine nzima, maana padre hawezi kupokea komunyo chakula kikiwa bado kinywani. Watoto wawili walizimia kwa jua. Nilijua Katekista atanifokea mbele ya watu, lakini alinivuta pembeni akasema, "Umefanya sawa, Mwenyekiti," na uso wake ulikuwa wa furaha kabisa. Huyo ndiye Katekista wetu.

Mgeni mwingine aliyelala kwake aliondoka alfajiri na mabuti ya mvua ya Katekista, yale aliyovaa masika na kiangazi. Tulipomwambia atoe taarifa kwa mtendaji alisema aliyeyachukua bila shaka anakwenda mbali kuliko yeye. Akatembea na ndala wiki tatu, kwenye tope la kwetu, mnalijua, na mimi nilimcheka mpaka nikakaa chini. Lakini sikilizeni na hili. Katika wiki hizo hizo tatu, alimrudisha nyumbani mtoto wa watu aliyechelewa kipindi cha mafundisho dakika chache tu. Mtoto alikuwa anatoka kuteka maji. Mwizi alisamehewa mabuti, mtoto hakusamehewa dakika.

Ndivyo alivyokuwa. Mgeni alimpa maji, Mkristo mwenzake alimpa maswali. Wenye uchumba sugu walimkimbia njiani. Alikuwa anawajua wote, nani anaishi na nani bila ndoa tangu lini, na alikuwa anawafuata mpaka mashambani, anasimama kwenye mpaka wa shamba na kofia mkononi, anauliza, "Lini?" Neno hilo moja tu. Kuna mwanamume mmoja alifunga ndoa kwa kuchoka kuulizwa. Sukari pia alibania. Kwenye chai ya mgeni alitia vijiko vitatu, kwenye ya mtu wa nyumbani alitia nusu, akidai sisi tumeshazoea maisha.

Kutembea ndiko alikokuweza kweli. Alihudumia vigango vinne, na kimoja kilikuwa mwendo wa nusu siku. Pikipiki hakupanda hata alipolipiwa. Nilimwona akirudi jioni za Jumapili, anapanda mlima wetu taratibu na mfuko wake wa kitabu cha ibada, anasimama kila baada ya hatua kumi kana kwamba anahesabu miti. Nikamwuliza siku moja kama hachoki.

"Nimechoka tangu mwaka ule nilioanza," akasema. "Mimi siombi kufika, Mwenyekiti. Naomba kuamka kesho niweze kwenda tena."

Nilidhani anatania. Baadaye sana ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa amenieleza imani yake yote, na kwamba haikuwa na wimbo ndani yake wala shangwe, ilikuwa na miguu tu. Yangu pia ndivyo ilivyo, kama kweli ninayo.

Sasa nifike kwa binti.

Huyo binti nilimsuka nywele mimi. Nilimfundisha kusonga, kupepeta, na nilikaa naye alipopata siku zake za kwanza, maana baba yake angefanya nini? Alikua mpole, msomi kidogo, akapata kazi ya kufundisha chekechea huko mbali, Ololosokwan, ng'ambo yote ya Ngorongoro, karibu na Serengeti. Alikuja likizo, alileta shanga, alimchekesha baba yake kwa maneno ya Kimasai. Halafu likizo moja hakuja. Ikafuata nyingine. Na siku moja mchana, mimi nimekaa uani nachambua maharage, nikamwona anashuka kwa ile njia ya msituni, na nyuma yake kijana wa Kimasai, mrefu, shuka nyekundu, fimbo begani. Wametembea toka juu kabisa, walishushwa na gari huko barabarani. Binti alikuwa mjamzito, hilo halikuhitaji miwani.

Kutoka kwangu mpaka kwa Katekista ni kama hatua thelathini. Nilisikia kila neno.

Hakuchukua jagi. Alisimama mlangoni, mikono miwili kwenye miimo, na akamwuliza yule kijana, "Wewe ni nani?"

Nilishtuka mpaka ungo ukanitoka mapajani. Miaka yote ile, mtu wa kwanza kumwuliza jina akiwa amesimama na jua kichwani, hajanawa, hajaonja kitu, alikuwa huyu.

Kijana akajibu kwa heshima, akataja jina lake na la baba yake. Akasema amekuja kumsalimu baba wa mke wake na kuomba radhi kwamba hakuja mapema.

"Una mke mwingine?"

"Ninaye mmoja, baba. Mkubwa."

Hakudanganya. Angeweza kudanganya, na Katekista angemwamini angalau siku hiyo. Kisha nikasikia, "Mimi nasimama mbele ya watoto wa watu nawafundisha sakramenti. Nitawaambia nini?" Binti akasema, "Baba," mara moja tu. Na mlango ukafungwa.

Wakashuka. Njia inapita getini kwangu. Binti akasimama pale getini, akanitazama. Midomo yake ilikuwa imekauka, nakumbuka hivyo. Mimi ndiye niliyewalisha vibarua, wezi, na mzungu wa baiskeli. Nikainamia maharage yangu. Nilichagua punje moja moja, zilizooza na zisizooza, nikazichanganya tena nikachagua upya, mpaka niliposikia hatua zao zimefika mbali.

Msiniulize kwa nini. Nilijiambia kwamba ni mambo ya baba na mwanawe. Nilijiambia nikiwafungulia nitakuwa nimemdharau Katekista. Nilijiambia nimechoka na wageni wake. Yote matatu ni kweli na hakuna hata moja linalonisaidia.

Miaka sita ikapita. Habari zilitufikia kwa wapita njia, kwamba amejifungua mtoto wa kike, kwamba bado anafundisha. Katekista alizisikia pia, akiwa anawanawisha mikono waliozileta, na hakujibu kitu. Wageni hawakupungua, waliongezeka. Mwaka ule wa ukame aliwafungulia Wamasai shamba lake, ng'ombe wao wakala mabua yote aliyomwekea ng'ombe wake mwenyewe, na yule ng'ombe akakonda tukahesabu mbavu. Nilimgombeza. Alisema, "Waache wale, Mwenyekiti." Jina la binti yake halikutajwa, kwake wala kwangu. Na tulikuwa tunaonana kila siku ya Mungu.

Kwetu Njia ya Msalaba hatuifanyi ndani ya kanisa. Ijumaa Kuu tunaanzia kanisani bondeni, tunapanda nyumba kwa nyumba, kila nyumba ina kituo chake, na mwenye nyumba anaweka meza, msalaba na mshumaa mlangoni. Katekista ndiye aliyepanga hivyo zamani. Kwa kuwa nyumba yangu ni ya pili kutoka mwisho, kwangu ni kituo cha kumi na tatu, Yesu anashushwa msalabani na mama yake anampokea. Nyumba ya Katekista ni ya mwisho. Kwake Yesu anazikwa na kaburi linafungwa kwa jiwe.

Ijumaa Kuu ya mwaka jana tulifika kwake tumechoka kabisa, jua limeshuka, watoto wanalia njaa. Katekista akasimama mbele ya mlango wake na kitabu mkononi kusoma sala ya kituo cha mwisho. Akafungua kinywa. Hakusoma. Akageuka akautazama ule mlango wake, mbao zile za bluu zilizobanduka rangi, akautazama muda mrefu mpaka watu wakaanza kukohoa. Mtu mmoja akasema apewe miwani. Miwani alikuwa ameivaa. Mwisho nikakichukua kitabu mikononi mwake nikasoma mimi, vibaya, nikirukaruka mistari, na watu wakaenda zao.

Kesho yake akaja kwangu. Hakusimama kwenye ua kama kawaida, aliingia ndani akakaa.

"Leo sina mgeni, Mwenyekiti."

"Basi Mungu ni mwema, nitapumzika."

Hakucheka. Alikuwa anaviringisha kofia mikononi. "Siku ile," akasema, na sikuuliza siku ipi. "Walipotoka kwangu. Uliwapa nini?"

Nilikuwa nimeshika mwiko. Nikauweka chini.

"Sikuwapa kitu, Katekista."

"Chai?"

"Sikuwapa."

"Hata maji?"

"Hata maji. Walisimama pale getini, nikainamisha kichwa mpaka wakapita."

Akaiweka kofia magotini. Halafu akasema, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Mimi nilifunga mlango wangu kwa sababu nilijua wako uko wazi. Nilikuwa nyuma ya mlango, nikajisemea, Mwenyekiti atawalisha, kama siku zote. Miaka sita nimepata usingizi kwa ajili ya ugali ambao hukuupika."

Mama yangu! Hasira ilinipanda, siwafichi. Nikamwambia, ahaa, kwa hiyo hata huyo ulinitupia mimi! Wageni wa dunia nzima umenirundikia, na yule mmoja wa damu yako naye ulitaka nimbebe mimi? Nikamwambia ukarimu wake wote ulikuwa wa jagi la maji, na mzigo ulikuwa wangu. Nilisema mengi. Alisikiliza yote, hakujitetea hata kwa neno moja, na nilipokwisha kusema nikajikuta nalia, maana mtoto mwenyewe nilimsuka nywele mimi.

"Baada ya Pasaka nakwenda," akasema.

"Unakwenda na nani? Magoti yako hayo?"

"Na wewe. Tulikosa wawili."

Nilikwenda. Nilichoka kabla hatujaondoka, lakini nilikwenda. Tulipanda basi la Loliondo alfajiri pale Karatu, yeye na mfuko wa unga wa mahindi yake mwenyewe mapajani. Getini Ngorongoro tukashushwa tuandikishwe: majina, tunakotoka, tunakokwenda. Katekista akaniinamia. "Wanatuuliza hata chai hatujanywa," akasema, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya mwisho siku hiyo kumsikia akitania. Kule juu ukungu ulikuwa mzito, watalii wamesimama kwenye baridi wakingoja kreta ionekane. Yeye alitazama mbele tu. Tulilala Wasso, hoi, vumbi mpaka masikioni, na asubuhi tukapata gari la mizigo lililotushusha njia panda. Kutoka hapo ni kwa miguu.

Alikuwa anasimama kila baada ya hatua chache. Nikamwambia tupumzike kama amechoka.

"Sijachoka. Naogopa." Akahamisha mfuko wa unga bega la pili. "Sijawahi kuwa mgeni, Mwenyekiti. Nikifika nasema nini? Wakiniuliza mimi ni nani, nasema mimi ni nani?"

Nami nilikuwa natafuta jibu langu.

Boma lilikuwa na uzio wa miiba na nyumba tatu. Ng'ombe na wanaume walikuwa wamekwenda malishoni. Mwanamke mmoja mtu mzima alitoka, shanga shingoni, akatuona tumesimama kwenye uwazi wa uzio, wazee wawili wa Kimbulu wamejaa vumbi. Alikuwa mke mkubwa, nilimjua kwa jinsi alivyotembea kama mwenye nyumba. Hakutuuliza kitu. Alirudi ndani akatoka na jagi la plastiki na beseni. Akamnawisha Katekista mikono. Maji yalikuwa machache, na aliyamimina polepole ili yatoshe. Katekista hakujua aikinge vipi mikono yake, mwanamke yule akaishika kwa mkono wake wa kushoto ili aimiminie vizuri. Akatuletea vigoda viwili, tukakaa.

Mtoto wa kike wa kama miaka mitano akaja mbio, akasimama mbele yetu, akainamisha kichwa kama watoto wa Kimasai wanavyowaamkia wakubwa, wanangoja uwaguse. Katekista alikuwa amewagusa hivyo watoto wengi wa wapita njia. Huyu alimgusa utosini na hakuondoa mkono.

Ndipo binti akatoka. Alikuwa na chaki kwenye vidole, amenenepa kidogo, kitambaa kichwani. Alimwona baba yake akasimama pale pale. Kisha akaniona mimi. Nilitaka kuinama tena, Mungu ananijua, nilitaka kuinama nitazame miguu yangu. Nikajilazimisha kumtazama.

Binti aliingia ndani. Tukasikia sufuria, tukasikia mwiko. Ugali unachukua muda wake, haujali nani anangoja. Jua lilitupiga, mtoto akatuzunguka akitukagua. Nilifikiri, labda anapika ili asitoke. Nilifikiri, labda tutakula na kuonyeshwa njia.

Akatoka na sahani ya ugali, kibuyu kwapani, na bakuli la maziwa ya mgando, yale yenye harufu ya moshi, ambayo Katekista maisha yake yote alisema hawezi kuyapitisha kooni. Akaweka mbele yake. Mtoto akamvuta mama yake kanga.

"Mama, huyu babu ni nani?"

"Usimwulize," akasema binti. Sauti yake ilikuwa kavu. "Hajala."

Katekista akafunga macho. Nilidhani anasali, na labda alikuwa anasali. Halafu akakata tonge, akachovya kwenye maziwa, akala. Alikula taratibu, tonge kwa tonge, machozi yanashuka wazi wazi wala hayafuti, na sisi sote tunamtazama, mke mkubwa, binti, mtoto na mimi. Alimaliza sahani. Aliinua bakuli akanywa yaliyobaki. Akaliweka chini.

"Nimekula, mwanangu," akasema. "Sasa niulizeni."

Binti akaokota lile bakuli, akainamisha kibuyu, akalijaza tena mpaka juu.

"Bado hujashiba, baba."

Halafu akachukua bakuli la pili, akalijaza, akaniwekea mikononi mimi. Hakuniuliza kitu.